Ndoo za Bwawani

Shemeji yangu, mume wa dada, analipwa kuwaridhisha watu wasioridhika. Mkataba unamwita msimamizi wa bwawa la samaki aina ya trauti. Maana yake wanachama wa klabu wakikosa samaki, kosa ni lake, wakipata, ni ufundi wao. Nyumba anayokaa na dada na watoto ni ya kazi. Mkataba ukiisha, nyumba nayo basi.

Klabu ina kambi mbili. Watu wa Manyoya wanavua kwa wadudu bandia waliotengenezwa kwa manyoya ya ndege. Wakimnasa samaki wanampiga picha, karibu wamwombe radhi, kisha wanamrudisha majini. Watu wa Minyoo wanatumia minyoo, na samaki anaenda kikaangoni. Hawa wanaitwa walafi. Nao wanauliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayemsumbua samaki halafu hamli.

Mkutano mkuu ulipokaribia, mwenyekiti alimwita shemeji. "Mwaka huu sitaki kelele. Ukishindwa kuwapatanisha hawa, tutatafuta mtu mwingine."

Shemeji ni mtu wa haki mpaka anakera. Aligawa bwawa kwa kamba yenye maboya, upande huu manyoya, ule minyoo. Lori lilipoleta samaki wapya, akawahesabu mmoja mmoja: mia tatu huku, mia tatu kule. Wasione ugeni, akawalisha wiki nzima, vikombe vitatu kila upande, na kila mara aligonga ndoo kwa kijiko, kama walivyozoeshwa kule walikofugwa.

Mwalimu mstaafu wa kambi ya Minyoo alimwona. Kesho yake akaja na ndoo ya kudekia, akagonga. Samaki wote wa Manyoya wakapita chini ya kamba kuja kumsikiliza. Keshokutwa yake, daktari wa meno wa kambi ya Manyoya, ambaye fimbo yake ya kuvulia ina bei ya pikipiki, alikuja na sufuria ya mkewe.

Asubuhi ya mkutano niliwakuta watu wazima thelathini wamejipanga ukingoni, wanagonga. Samaki wakaenda huku, wakarudi kule, mwisho wakachoka, wakazama katikati. Hakuna aliyeambulia hata mmoja.

"Nani kawafundisha samaki ndoo?" mwenyekiti aliuliza mkutanoni.

"Nilikuwa nawakaribisha tu," alisema shemeji.

Ikapigwa kura afukuzwe. Mikono yote ikapanda, manyoya na minyoo pamoja, kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe. Mwenyekiti alifurahi mpaka akafuta machozi. Dada alilia jikoni, na mimi nikalia naye kwa hasira, maana watoto walikuwa wanauliza tunahamia wapi.

Ikabaki barua ya kumfukuza. Manyoya wanataka iseme aliwapendelea Minyoo. Minyoo wanataka iseme kinyume chake. Kamati imekaa mara nne, imetoka mara nne imenuniana. Juzi mwenyekiti akamwita shemeji ofisini, akamwomba kwa upole: kwa kuwa yeye ndiye pekee asiye na upande, aiandike mwenyewe.

Na shemeji, Mungu ampe akili, ameketi mezani tangu jana, anatafuta maneno yatakayowaridhisha wote.