Mkono Juu ya Kasha

Mtangazaji hakuwahi kumwelewa fundi mitambo wa redio yao. Kila asubuhi mama huyo alifungua kasha la mtambo mpya wa kidijitali aliouunda mwenyewe, akasogeza nyaya za maikrofoni mbali kidogo na saketi zenye kelele, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akasema kwa sauti yake ya puani, "Bado." Mlio mwembamba kama wa mbu uliendelea kuvuja hewani. Ulinyamaza pale tu alipoweka kiganja juu ya kasha, na kwa nini, hata yeye hakujua. "Waya wa ardhini wa kuzuia kelele nimeufunga vizuri, mwanangu. Huu mlio unanichanganya akili."

Siku moja mlio ulizidi katikati ya matangazo ya vifo. Fundi aliingia studio akinyata, akapiga magoti, akalaza juu ya kasha kiganja chake chenye makovu ya kulehemu. Mtangazaji akaendelea kusoma. Alipomtaja marehemu mwenye karakana ya baiskeli, aliona machozi yakimtiririka fundi mashavuni. Mkono haukutikisika. Asijue anyamaze au aendelee, alisoma hadi mwisho, akazima maikrofoni.

"Mama, kulikoni?"

"Huyo wa baiskeli ni baba yangu mdogo. Sikuwa na habari."

"Sasa mbona hukutoka?"

"Ningeondoa mkono, ndugu zetu wangesikiaje?" Alibaki amepiga magoti, akimtazama kama mtu aliyepotea njia. "Hebu nisomee tena. Umesema mazishi ni saa ngapi?"