Mopu Iliyoshuka kwa Jina Langu

Mwezi ule king'amuzi cha dukani kilipokatwa kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukilipia, zilibaki stesheni tatu tu: moja ya mahubiri, moja ya vikao vya bunge, na moja iliyouza vitu kutwa nzima. Mahubiri Mama aliyapata Jumapili kanisani. Wabunge hakuwataka hata kwa picha. Ikabaki ile ya vitu.

Nataka nikueleze jambo hili taratibu, maana watu hulicheka kabla ya kulielewa: kwa nini mtu mwenye akili zake timamu, anayeishi hatua hamsini kutoka duka la vyombo, ananunua chombo kwenye televisheni. Katika kisa hiki mtu huyo hakuwa hatua hamsini kutoka dukani. Alikuwa ndani ya duka. Duka lilikuwa lake.

Duka letu lilikuwa Isiolo mjini, upande ambao magari ya Marsabit na Moyale hupunguza mwendo. Tuliuza sufuria, mabeseni, ndoo, chupa za chai, vijiko kwa dazeni. Mimi ni mwalimu, na likizo zote nilikuwa nyuma ya kaunta na Mama. Aliuza kama alivyofundishwa na mama yake huko Meru. Mteja aliruhusiwa kugonga sufuria kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Sufuria nzito hulia kama kengele, nyepesi hulia kama kopo. Lakini boksi halikufunguliwa. "Ukifungua umenunua," ndiyo ilikuwa sheria, na aliisimamia kwa haki, hata sisi wenyewe hatukufungua. Nyuma ya mabeseni kulikuwa na maboksi marefu saba ambayo mwenye gari la jumla alituachia zamani. Juu yake kulikuwa na picha ya mwanamke anayecheka. Anacheka nini, hatukujua.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Hajja. Mji mzima ulimwita hivyo tangu aliporudi kutoka Makka. Babu yake aliletwa huku akiwa askari wa mkoloni. Wajukuu wakageuka watu wa malori na mabasi, na Hajja alikuwa ameketi kwenye ofisi ya mizigo ya familia, miwani puani, tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Kila kitu kilichoagizwa kwenye televisheni kilishukia kwake. Alikuwa rafiki mkubwa wa Mama na mteja wetu wa kwanza kabisa, mpaka alipoanza kuagiza vyake.

Alianza na kikatia vitunguu. Unaweka kitunguu kwenye kibakuli, unavuta kamba, visu vinazunguka ndani. Alikuja kutuonyesha, na Mama alimsubiri amalize ndipo akasema, "Kwa hivyo umenunua kisu ya kufungwa kamba, kama mbuzi."

"Abaayo, usicheke," Hajja alijibu. Ndivyo alivyomwita Mama, dada, kwa Kisomali. "Sambusa ya harusi nimekata vitunguu gunia nzima, sijatoa chozi."

"Hata mimi sitoi chozi. Natoa bidii."

Hapo Hajja alikwenda zake akicheka. Alirudi wiki iliyofuata na sufuria ya televisheni, ile ambayo yai huteleza juu yake kama mtoto kwenye matope. Hiyo Mama haikumchekesha. Sufuria ilikuwa kazi yetu. "Ameacha kununua kwangu," aliniambia Hajja alipoondoka, na akapangusa kaunta ambayo ilikuwa safi.

Lazima sasa niseme habari za magoti. Mama alikuwa na magoti mabaya, na alikuwa akiyaficha. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Meru, alikuwa ameshasema mbele yetu sote: siku magoti yatakapokataa, duka litafungwa na Mama atapelekwa nyumbani apumzike. Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililomtia Mama hofu, kwa sababu mwanawe akiwa na hasira alijua namna ya kumshinda. Kupumzika kwake kulikuwa hapo hapo barabarani, kati ya Mborana anayesalimia "nagaa" akiuliza bei ya ndoo na Mturkana kutoka Ngaremara anayegonga sufuria zote ishirini asinunue hata moja. Asubuhi alipiga magoti kupangusa sakafu ya duka kwa tambara, kwani vumbi la Isiolo haliombi ruhusa, na nilimwona akiinuka kwa kushika rafu ya chini, kisha ya kati, kisha ya juu. Nilipojaribu kumnyang'anya tambara alinifukuza. Kaka alikuwa anakuja Jumamosi na pikapu, "tuongee tu." Watu hawaji na pikapu kuongea.

Jumamosi asubuhi Mama aliniita nyuma ya mabeseni, akaangalia mlango, akaninong'oneza, "Kuna mzigo yako kwa Hajja."

"Sijaagiza kitu."

"Nimeagiza na jina yako. Ukiulizwa sema ni vitabu vya shule."

Nilivuka barabara nikiwa mwongo wa miaka thelathini na tisa.

Hajja alikuwa na kifurushi mezani tayari. Kilikuwa kirefu kuliko meza. "Salaam aleikum, mwalimu. Vitabu?"

"Vitabu, Hajja."

Alikinyanyua, akakitikisa karibu na sikio. "Hii kitabu iko na mpini."

"Ni… ramani. Zimekunjwa."

"Na hii ramani inabingirika?" Ndani kitu kilikuwa kinazunguka, grrr, grrr. Hajja akatoa mkasi. Hapo nilijua nimekwisha, maana sheria ya ofisi yake ilikuwa kinyume kabisa cha sheria ya dukani kwetu: mzigo wa televisheni ulifunguliwa mbele yake, uonekane haujavunjika, ndipo utie sahihi. Akakata karatasi ya nje. Likatokea boksi, na ndani yake mopu na ndoo yake. Juu ya boksi palikuwa na mwanamke anayecheka.

Nilimtambua. Nilikuwa nimemfuta vumbi usoni kila likizo kwa miaka mingi.

Sijui kama umewahi kucheka mahali ambapo ilikupasa kuwa na aibu. Nilianza na pua, nikajaribu kukohoa, mwishowe nikakaa juu ya gunia la mtu na kuachia. Hajja alinisubiri, kisha akadai aelezwe, na mimi ni mwalimu, nikiulizwa hueleza: kwamba mopu hii si yangu bali ya Mama, kwamba imesafiri njia nzima kutoka Nairobi, na kwamba dada zake saba wanalala nyuma ya mabeseni yetu. Alivua miwani, akaegemea ukuta, akapiga meza kwa kiganja, "Walahi! Walahi mama yako!" mpaka makuli wawili wakaja kuchungulia.

Halafu akavaa miwani yake. "Ni magoti, sivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi tangu mwaka jana naswali kwa kiti. Nani ameniuliza? Hakuna. Ni ile mwanamke ya TV tu anauliza." Akaigiza sauti tamu ya mtangazaji: "'Je, magoti yako yanakuuma?' Mara ya kwanza nilimjibu. Nilimwambia, 'Sana, mama.'"

Hapo ndipo nilipoelewa, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Televisheni haijui kuuza kuliko Mama. Ina subira tu. Inafungua boksi, inaonyesha, inaonyesha tena, haichoki ukiwa mzito kuelewa, na haikuangalii mfukoni. Inakuuliza jambo ambalo watu wako wanaogopa kukuuliza. Kisha, baada ya siku nne, kati ya magari yote yanayopita Isiolo yakienda kwingine, moja linasimama na kushusha kitu kilichoandikwa jina lako. Basi ikikutokea ukanunua kijiko cha televisheni, usijione mjinga. Ulikuwa unajibu swali.

"Hajja, tafadhali," nikasema. "Kaka anakuja leo. Akijua kuhusu magoti, anampeleka Meru."

"Meru!" Alisema kama mtu aliyetajiwa safari ya mwezini. "Mimi nitakaa na nani?" Akaunganisha mpini, akavisha kichwa chenye nyuzi nyeupe, akaitia mopu begani kama bunduki ya babu yake, akavuka barabara kwa mwendo wa gwaride. Nilimfuata na ndoo na boksi tupu. Bodaboda mmoja alimpigia saluti.

Mama alituona kutoka kaunta. Sijawahi kuona mtu akitafuta kwa haraka hivyo mahali pa kutazama.

"Habari yako, mama duka," Hajja alisema, akasimama wima.

"Hiyo ni ya mwalimu," Mama akasema.

"Mwalimu amesema ni vitabu. Sasa kati yenu nyinyi wawili nani anaongopa, ili nijue nitamwombea nani."

Mama alinitazama kwa jicho ambalo lingeweza kukausha nguo. Nilikwenda nyuma, nikahamisha mabeseni, nikarudi na boksi refu, nikalisimamisha kando ya lile la televisheni. Wanawake wawili walicheka pamoja, meno kwa meno.

Mama aliangalia moja, akaangalia jingine. Akagusa la kwetu kwa kidole.

"Tuko nazo," alisema.

"Saba," nikasema.

"Abaayo," Hajja akauliza polepole, "uliagiza Nairobi kitu iko kwa duka yako?"

"Hakuna mtu aliniambia inafanya nini!"

"Lakini mwenye duka ni wewe!"

"Na boksi imefungwa!" Mama alifoka, akasikia alichosema, na kicheko kikamtoka kwa kishindo hata akashika kaunta. Hajja naye akaanza upya. Walishikana mabega, wanawake wawili wenye magoti manne mabovu, wakiyumba katikati ya sufuria zilizoning'inia, na sufuria nazo zikalia juu yao, nzito na nyepesi pamoja.

Walipotulia, Hajja alifuta macho kwa mtandio. "Miaka hii yote sijawahi kuona ndani ya boksi kwa duka yako. Kwa TV hata sabuni wanafungua. Unajua kwa nini nilienda kwao? Nilitaka mtu anionyeshe." Akampa mpini. "Haya. Nionyeshe."

Nilitia maji. Mama alichovya mopu, akaiweka kwenye kikapu cha ndoo, akasukuma mpini chini. Grrr! Ikazunguka, na maji yakanirukia mimi na Hajja hadi kwenye miwani. "Yesu wangu!" Mama akapiga yowe, akasukuma tena bila sababu yoyote. Kisha akapangusa. Alikuwa amesimama. Njia nyeusi ya saruji safi ilitokea katikati ya vumbi, kutoka kaunta hadi mlangoni, na Mama aliifuata mgongo ukiwa umenyooka, hakushika rafu ya chini, wala ya kati, wala ya juu.

Sakafu haikutosha. Alitoka nje akapangusa kizingiti. Watu walisimama. Miongoni mwao alikuwemo dada mmoja mfanyakazi wa kaunti; unajua serikali ya kaunti ilipokuja Isiolo ilikuja na vigae, kila nyumba mpya ya kupanga inang'aa chini, na vumbi ni lile lile. "Mama, hiyo inafanya aje?" akauliza.

Zamani Mama angesema, "Ni mopu." Siku hiyo aliweka mkono kiunoni, akageuza uso kidogo kama walio kwenye televisheni, na kwa Kiswahili ambacho sijawahi kukisikia kinywani mwake akauliza, "Je, magoti yako yanakuuma?"

"Hayaumi," dada wa kaunti akasema.

"Yatauma!" Hajja akaingilia kutoka nyuma. "Ngoja tu! Na si hayo tu!"

Walikuwa kwenye maonyesho ya nne, maboksi mawili yameshaondoka na wenyewe, wakati pikapu ilipoegeshwa. Kaka aliingia na viatu vyake vya shamba na uso wa mtu aliyekuwa akifanya mazoezi ya hotuba tangu Meru. Aliona umati. Aliona Hajja akiwa amelowa. Aliona mama yake akimjia na mti mrefu.

"Mama, nimekuja tuongee—"

"Inua mguu."

"Eh?"

"Unakanyaga mahali nimepangusa. Inua."

Akainua. Mama akapitisha mopu chini yake. "Na ingine." Akainua na mwingine, akishika mlango asianguke, mtu mzima mwenye watoto watatu.

"Na magoti, Mama?" akauliza akiwa kwa mguu mmoja.

Hajja alishika mkono wangu. Mama alisimamisha mopu, akaiegemea.

"Yanauma," alisema, mbele ya watu wote. "Yanauma sana. Ndiyo maana nauza hii. Mke wako anapangusa na nini?"

Kaka alifungua mdomo. Nafikiri hotuba ilikuwa bado imo, lakini haikupata pa kukanyaga. "Tambara," akasema.

"Amepiga magoti?"

"…Ndiyo."

"Na wewe unataka kupumzisha mimi!"

Umati ulicheka, na kaka, Mungu ambariki, akacheka pia. Alikula chakula cha mchana nasi, akauliza kuhusu daktari wa mifupa, na Mama akakubali kumwona mradi awe wa Isiolo. Jioni pikapu ilirudi Meru ikiwa imebeba boksi moja refu, na kwenye kiti cha mbele kikatia vitunguu cha Hajja, zawadi kwa shemeji, pamoja na maelezo ya kamba yaliyorudiwa mara tatu.

Sheria ya boksi iliisha siku hiyo. Mopu ya televisheni Mama hakuiuza, ingawa waliiomba. Ilikaa kando ya kaunta, ya maonyesho, na karatasi ya basi yenye jina langu, ile ya juu ya kifurushi, ikiwa sasa imebandikwa kwenye mpini. Mteja akiuliza hilo ni jina la nani, Mama alisema, "La mwalimu. Alikuwa anangoja vitabu."