Nimeomba Nafasi ya Chuo kwa Daftari la Mdogo Wangu

(Jina la aliyetuandikia tunalo, naye ameomba tulifiche. Msomeni kwa huruma. Mhariri.)

Mhariri, usinitaje tafadhali, maana baba husomewa gazeti hili kila wiki.

Mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Ushongo, nasoma sekondari mjini Tanga. Darasani sijambo. Nakariri, napita mtihani, basi. Kulipenda somo lenyewe, mtu akasahau hata kula, sijui ladha yake.

Mwaka huu Mwalimu Mkuu alinipa fomu ya kuomba chuo cha juu. Ndani yake palikuwa na swali: eleza jambo la elimu unalolipenda kwa moyo wako, na ulilolifanya bila kutumwa na mwalimu. Nilienda nayo likizo, nikakaa siku tatu na kalamu mkononi. Jambo la namna hiyo sina.

Mdogo wangu wa kike analo. Ana miaka kumi na tano, na shule aliachishwa darasa la nne. Tangu utotoni alikuwa akifuatana na bibi yetu mwambani, maji ya bahari yakitoka, kutafuta pweza. Wenzake walirudi na kitoweo, yeye alirudi na kitoweo na habari. Ana daftari aliloandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na mwalimu wa Kurani: pweza yupi anakaa shimo lipi, anakula nini, anahama lini. Tulimcheka sana, tukamwita mke wa pweza. Basi nikalichukua lile daftari bila kumwambia, nikalifasiri kwa Kiingereza, na kila palipokuwa na jina lake nikaandika langu.

Watu wa chuo wamefurahi mno. Wamejibu kuwa mwalimu wao mmoja wa sayansi atakuja mwisho wa mwezi ujao, wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, nimpeleke mwambani nikamwonyeshe mashimo yangu. Mashimo yangu! Mimi pweza namjua akiwa ndani ya mchuzi wa nazi. Juzi nilikwenda kujaribu, nikachokoachokoa mawe asubuhi nzima, nikarudi na mguu uliochanwa na mwamba. Baba naye ameshatangaza mpaka Pangani kwamba mwanawe anakwenda kusomea mambo ya bahari, na watu wanakuja kumpa mkono.

Ikabidi nimwambie mdogo wangu. Ameposwa, yumo ndani, hatoki mpaka siku ya harusi, kwa hiyo hata kunipeleka hawezi. Nilidhani atalia. Aliuliza tu, "Waliyasoma yote, kaka?"

"Yote."

"Na la yule pweza wa jiwe jeupe?"

"Nalo."

Akacheka kwa furaha, na mimi nikatamani anitukane.

Tangu siku hiyo ananifundisha. Ananichorea mwamba kwa mkaa sakafuni, ananiambia nitafute maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni mwa shimo, huku tukichunga bibi asipite akatuuliza. Nikisema nitakwenda kwa yule mwalimu niungame, ananizuia. "Ukisema, utakosa wewe, na mimi sitapata. Itamfaa nani?" Nikinyamaza, nitakaa miaka chuoni nikila sifa isiyo yangu. Nikisema, nafasi imekwenda, na baba ataaibika mbele ya watu wote waliompa mkono. Maji yamenifika shingoni.

Jana nikamuuliza anataka nini kwangu, nikidhani atataja kanga au mkufu wa harusi. Akasema, "Ukifika huko, niulizie jambo moja tu. Pweza jike akishataga hukaa shimoni akiyalinda mayai, wala hatii kitu mdomoni mpaka anakufa. Kaa wanapita mlangoni pake na hawagusi. Nimemtazama mara tatu. Waulize kwa nini, kisha uniandikie."

Nimemaliza shule karibu yote, na sijawahi kumuuliza mwalimu swali kama hilo.

Wasomaji wenzangu, bamvua inakaribia. Nimwambie nini yule mwalimu?