Fundi Aliyesema Ameumba Nyota

Mume wangu, Nassibu Likwata, hafuti kandili kama watu wengine. Kwanza ananawa mikono mpaka viwikoni, hata kama sabuni iliyobaki ni kile kipande nilichomfichia mtoto. Halafu anakunja kitambaa, anakiingiza ndani ya chemni, kile kioo cha taa, anafuta kuelekea upande mmoja tu, mkono haurudi. Akimaliza anaiinua juani na kuitazama. Siku za mwanzo za ndoa yetu nilikuwa nikimcheka. "Hiyo ni chemni," nilimwambia, "si jicho la mtu." Akanijibu kwamba huko alikokuwa, alama ya kidole kimoja ilitosha kukipasua kioo.

Huko alikokuwa ni Urusi. Serikali ilimpeleka kusomea ufundi wa mitambo, na mafunzo ya kazi akayafanyia kwenye jumba la wanasayansi wenye mtambo wa mwanga uitwao leza. Ni mwanga, ila si kama wa taa wala wa jua. Anasema unapitishwa kwenye vioo vikubwa, unaminywa mpaka unakuwa mwembamba kama ncha ya sindano, kisha unapiga mara moja, upesi kuliko kope kufumba. Unapiga chembe ndogo kuliko punje ya ulezi, nayo inalipuka, moshi wake unatawanyika duara, vile vile inavyolipuka nyota kubwa inapokufa. Wale wakubwa wanaupiga picha, wanailinganisha na picha za nyota zilizopasuka huko juu zamani. Kazi ya Nassibu ilikuwa kufuta vioo. Pakibaki vumbi, mwanga unaunguza pale pale lilipo.

Aliporudi alipewa mashine ya kusaga ya kijiji chetu cha ujamaa, si mbali na Somanga. Mimi ni mtoto wa hapa pwani. Baba yangu, Mzee Kibwana, anauza ng'onda, samaki wetu wa kukausha. Nassibu kwao ni Nyangamara, bara, kwenye mikorosho. Watu wa kwetu walimpokea vizuri, kwa sababu tangu amekuja mashine ilisimama kwa kukosa dizeli tu, si kwa kingine.

Neno lililotutia matatani lilitoka pale mashineni. Tulikuwa tumepanga ndoo zetu za mahindi, injini imechemka, ameiacha ipoe. Mwanangu Pazi alikuwa amelala mgongoni kwangu. Ahmadi mpakia magunia, ambaye mdomo wake haupoi hata injini ikipoa, akaanza.

"Fundi, leo tuambie kweli. Huko kwa Warusi ulikuwa unafanya kazi gani hasa?"

Nassibu alikuwa anajifuta grisi. "Tulikuwa tunaumba nyota."

"Mnaumba nini?"

"Nyota. Ndogo, ndani ya chumba."

"Ndugu yangu, basi tuumbie na sabuni, dukani hakuna!"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Bibi mmoja hakucheka. Alinyanyua ndoo yake, mahindi hayajasagwa, akasema, "Astaghfirullahi," akaondoka. Nilimtazama mpaka akapotea nyuma ya duka la ushirika, na kicheko changu kikanikaukia.

Kwetu pwani mtu haumbi. Chungu kinafinyangwa, chombo kinaundwa, chapati inasukumwa. Kuumba ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake.

Kesho yake asubuhi baba alikuja. Nilimwekea kiti, hakukaa.

"Samia, mfunge mtoto, twende nyumbani."

"Nyumbani si hapa, baba?"

"Palikuwa. Mtu anayesema anaumba pamoja na Mungu ameritadi, ametoka katika dini. Mwanamke wa Kiislamu hakai naye nyumba moja. Ijumaa baada ya sala Shehe Maftaha atamsikiliza. Akitubu utarudi. Asipotubu, ndoa hakuna."

Nassibu alitokea mlangoni, mikono imelowa. "Shikamoo, baba."

Baba alitazama paa. Salamu ile ikabaki hewani. Sijawahi kumwona baba akiacha shikamoo ya mtu, hata ya mlevi.

Nilipokuwa nakusanya nepi za Pazi, nilimnong'oneza mume wangu, "Si useme ulikuwa unatania?"

"Sikutania, mama Pazi."

"Sema basi ulidanganya. Neno moja tu, yaishe."

"Nikijiita mwongo kwa hili, kesho nikiwaambia watu wasogee, mkanda wa mashine unakatika, nani atanisikia?" Alimgusa mtoto utosini kwa nyuma ya kidole, mahali pasipo na grisi. "Kile nilichokifanya nilikifanya."

Nikaenda. Kutoka kwa baba mlio wa mashine unasikika, na Pazi alizoea kuusikia. Ukianza, anaacha kunyonya, anageuza shingo kumtafuta baba yake. Siku ya kwanza uligonga kidogo ukakatika. Baada ya hapo haukusikika tena. Dizeli ilikuwepo, mahindi ndiyo hayakupelekwa. Katika kila ua vinu vilianza kutwanga, na kila mchi ulipotua ulinitua mimi kifuani. Mama yangu alinipikia uji, akaniambia ninywe, maziwa yasikauke. Nilikunywa. Mtoto alikuwa akilala amekishika kidole changu, nami nikijiuliza atakua akimwita nani baba.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, walikaa barazani kwa Shehe Maftaha. Wanaume walikuwa nje kwenye mikeka, sisi wanawake ndani, nyuma ya pazia la mlango. Nassibu baba yake amekwisha fariki, hivyo mama yake, Bibi Kidawa, ndiye aliyeitwa kutoka Nyangamara kusimama upande wake. Lakini lori la kumleta lilikuwa halijafika, na Shehe hakutaka kungoja.

"Nassibu, ulisema mliumba nyota. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema, Shehe."

"Ulikuwa unatania?"

"Hapana."

"Ulidanganya?"

"Sikudanganya. Kazi ile tuliifanya kweli."

Nje pakazuka manung'uniko. Nilimsikia Ahmadi akisema, "Jamani, fundi, mzaha ulikuwa wangu, ungeniachia," akanyamazishwa. Shehe alishusha sauti. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Mwanangu, nakufungulia mlango utoke. Mbona husogei?"

"Shehe, mlango unaonifungulia ni wa uongo."

"Mmemsikia wenyewe," baba alisema. "Mimi binti yangu harudi."

Hapo hapo tukasikia hodi upande wa uani. Bibi Kidawa aliingia na vumbi la njia mwilini mwote, chungu kichwani kimefungwa kwa majani makavu. Wanawake walimwamkia, akaitikia huku akimnyooshea Pazi mikono.

"Mnisamehe, lori liliharibika Miteja. Na hiki chungu nacho kilinichelewesha. Nimemuumbia mjukuu wangu cha kuogea."

Neno lile nilikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu siku za arobaini yangu ya uzazi, alipokuja kunikanda. Alikuwa akisema naumba vyungu, nimeumba mtungi. Nililichukua kuwa ni usemi wa bara, nikalisahau.

Nilivuta pazia. Nilimwona Nassibu ameinamisha kichwa, na baba akinikodolea macho.

"Samia!"

"Baba, nisamehe." Nikamgeukia mama mkwe, nikapaza sauti ili ifike mkeka wa mwisho. "Mama, hicho chungu umekifanya nini?"

"Nimekiumba, mwanangu. Kuna nini?"

Watu wote barazani waligeuka kumtazama. Bibi Kidawa alitazama zile nyuso, akakifungua chungu majani, akakikumbatia.

"Kama ni huu mdomo wa chungu kupinda," alisema kwa uchungu, "mvua ilinikuta sijamaliza. Msininyooshee macho hivyo. Kwetu wote tunaumba, mama yangu aliumba, na hakuna anayenishinda."

Ahmadi aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kofia. Shehe Maftaha alikitazama chungu, akamtazama Nassibu.

"Kumbe ni kuumba huku?"

"Ni huku huku, Shehe. Kufinyanga. Ni mfano tu tulioufinyanga, nyota zenyewe ziko kwa Mwenyewe."

"Na mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Mliniuliza kama nilidanganya. Hamkuniuliza neno lina maana gani."

Nilidhani yamekwisha. Baba hakuridhika. Alisema neno limeshatembea mpaka Kilwa, na yeye hawezi kumrudisha binti yake ili watu waseme ndoa yake ina ufa. Shehe alifikiri, akasema basi, kwa tahadhari, nikaha isomwe upya, kwani si dhambi. Akaniuliza pale mlangoni mahari yangu nataka nini. Nikasema nataka chungu.

"Chungu ni cha mjukuu!" Bibi Kidawa aling'aka.

"Si ni mimi nitakayemuogeshea humo?"

Alinung'unika, akakisukuma mbele.

Kuoza binti ni lazima baba ashike mkono wa muoaji. Baba aliunyoosha wake polepole, Nassibu akaupokea kwa ule mkono wake uliosuguliwa. Maneno yakasomwa, akakubali. Kisha nikaona baba hauachii.

"Hiyo nyota yenu," alisema kwa sauti ya chini, "ilikuwa na rangi gani?"

"Sikuiona, baba. Ukiitazama unapofuka. Wafuta vioo tulitolewa nje, milango ikafungwa."

"Hukuiona?"

"Niliona picha yake. Na kioo changu, kilikuwa kizima."

Baba alimtazama kwa muda mrefu, kama anatazama samaki asiyemjua jina. "Umetusumbua wiki nzima kwa kitu ambacho hukukiona."

"Ndiyo, baba."

"Marahaba," baba akasema, akauachia mkono, akaniambia nimpe mtoto ambebe yeye mpaka mashineni.