Korongo wa Baba

Dobi wa hospitali alipenda kusema kwamba hakuzaliwa na hasira, alitiwa na watu, na aliyembishia alijuta. Miaka nenda miaka rudi alifua mashuka ya wagonjwa katika chumba ambamo mashine zilinguruma kutwa kucha. Humo usipopaza sauti husikiki. Kunong'ona kwake kulikuwa sawa na wengine wanavyoitana ng'ambo ya barabara. Kazini walimbandika jina la Honi, akawa analiitika.

Jumapili moja alimpeleka baba yake kwenye bwawa la matete kumwona korongo. Mzee alikuwa dereva wa lori. Ujana wake wote alipita kando ya bwawa lile na mizigo ya watu, asisimame hata mara moja. Sasa daktari alishasema macho hayafiki mwakani, na mzee hakuomba kingine.

"Mmoja tu, mwanangu," alisema. "Tena awe amesimama. Akiruka, macho yangu hayamfuati."

Wakaingia kwenye njia ya mbao iliyopita juu ya maji, mzee akipapasa reli. Honi alikuwa anachemka tangu getini. Watoto walipita mbio, mbao zikadunda, bata wakatawanyika.

"Nyie, hapa ni uwanja wa mpira?" Honi akafoka, na bata waliobaki nao wakaondoka. Nyani haoni kundule.

Mbele wakakuta bibi harusi na wapiga picha wameziba njia nzima, shela linaburuzwa kwenye mbao zenye tope. Mzee alisimamishwa juani mpaka akaegemea reli. Honi aliwachukia wote, hata bwana harusi aliyeomba radhi. Nyuma ya Honi na mzee kulikuwa na jamaa mmoja wa simu, sauti ameifungulia ulimwengu mzima, anabishana na mtu kuhusu giaboksi.

Mwisho wa njia palikuwa na benchi. Mzee akaketi, akakaza macho kwenye matete. Baada ya muda mrefu akaweka mkono juu ya goti la binti yake na kulibana.

Hapo hapo jamaa wa giaboksi akatokea, simu mkononi. Damu ikampanda Honi kichwani. Alijizuia, kwa heshima ya baba yake. Akamsogezea yule mtu uso, akamnong'oneza, kwa kadiri yake:

"Kaka, zima hilo lisimu, watu wanatazama ndege!"

Matete yakatikisika. Kitu kikubwa cha kijivu kikainuka, miguu ikining'inia nyuma, kikapotelea juu ya miti.

"Samahani, dada," jamaa alisema kwa sauti ya chini. "Nilishakata."

Honi akamgeukia baba yake, mdomo umejaa maneno kuhusu watu wasio na adabu. Mkono wa mzee ulikuwa bado juu ya goti lake.

"Nilishampata kichwa na shingo," alisema mzee, akiangalia palepale. "Nilikuwa nashuka kwenye miguu."