Taa Nyekundu Uani kwa Mama

Nacheka sasa, lakini wallahi siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe, maana sijawahi kuona wanawake wengi vile wamenikasirikia kwa pamoja, na wa kwanza wao mama yangu mzazi.

Ilikuwa siku ya kupamba ya dadangu Zuhura, kwetu Mtopanga. Mnajua kupamba kwetu: wanawake watupu, mabuibui yavuliwa mlangoni, simu zatiwa kwenye beseni, mwanamume haonekani hata kivuli. Mimi nilipewa kazi moja tu, kumpeleka bi harusi kwa mumewe kwa gari langu la umeme (kuukuu, limetumika ng'ambo mpaka likachokwa, lakini halingurumi na mimi nalionea fahari), na mchana ule nikaona chaji imebaki kidogo. Kabla wageni hawajafika nikaliingiza uani, nikapitisha waya dirishani, nikachomeka jikoni, nikaenda zangu kunyoa.

Nikasahau kamera ya kioo cha mbele! Fundi aliyeifunga alinionya kwamba huhifadhi picha kupitia kompyuta ya gari, na gari la zamani huenda lisielewane nayo, nijaribu kwanza. Nikamjibu, taa nyekundu si inawaka? Basi inarekodi. Nikaiamini hata nikamkabili jirani yetu Mzee Kombo mbele ya msikiti, nikaapa kwamba kamera imemwona akinikwaruzia mlango kwa mkokoteni wake, na mzee wa watu alikana, kisha akaniomba radhi yaishe.

Kinyozi amemaliza upande mmoja wa kichwa, simu ikalia.

"Labeka, mama."

"Ndoo hapa sasa hivi! Gari lako latupiga picha, taa nyekundu yawaka!"

Nilikimbia na kichwa nusu, watu wananitazama, nikafika langoni nikaambiwa nisikanyage ndani, nikasimama nimeelekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, nikarusha ufunguo. Ndani namsikia mamamkwe wa Zuhura (walikuwa wamemkalisha mbele kabisa ya gari, kichwa wazi, nywele zimepakwa hina): "Bi harusi hatoki hapa mpaka nijue mwanangu kaoa nyumba gani!" Na Zuhura analia, wanja wote unamwagika, kwa ajili yangu mimi.

Wakachomoa flashi ya kamera, wakaipeleka chumbani kwenye kompyuta ya binamu yetu. Nilisoma kila dua ninayoijua.

"Hamna kitu! Tupu!"

Vigelegele! Na mimi kwa furaha, ili yule mamamkwe asikie vizuri, nikapaza sauti: "Si mnaona! Haijawahi kurekodi hata siku moja!"

Kisha sauti ya Bi Rukia, mke wa Mzee Kombo, polepole: "Haijawahi? Basi mume wangu alionwa na nani?"

Zuhura alitoka salama, alhamdulillahi, kwa gari la watu wengine, maana mimi mama alinikamata mkono, na kichwa changu kile kile, akanipeleka barazani kwa Mzee Kombo. Nikasema yote, macho chini.

Mzee alinitazama utosi, akauliza kwa upole kabisa, "Nawe, mwanangu, ni nani aliyekukwaruza?"

Kamera niliing'oa siku ya pili. Nisilolishuhudia kwa macho yangu mawili siliapii tena, na kunyoa nanyoa siku moja kabla ya shughuli.