Nilivyomfunza Bosco Kusalimia

Juzi mwenzangu kazini alirudi kutoka likizo kwao Wajir na kopo la nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaangwa hadi ikakauka, kisha ikahifadhiwa ndani ya samli. Alipofungua kifuniko, harufu ya samli na iliki ilijaa ofisi nzima na watu wakaacha kompyuta zao wakalikimbilia kopo. Mimi nilisema napigiwa simu, nikatoka nje. Si kwamba siipendi nyirinyiri. Naipenda kuliko nyama nyingine yoyote, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Ngoja niwaeleze, ingawa hata mume wangu sijawahi kumweleza.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama, mwalimu mzaliwa wa Machakos, alikuwa amepelekwa kufundisha Modogashe, pale njia panda ambapo malori ya mifugo husimama madereva wanywe chai kabla ya kushika njia ya Isiolo. Tulipewa nyumba ya mabati katika kiwanja cha walimu, na pamoja na nyumba tukarithi meza yenye miguu mitatu na mbwa mwenye miguu minne, vyote vikiwa vimeachwa na mwalimu aliyehamishwa. Mbwa aliitwa Bosco. Alikuwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limesimama na jingine limelala, na siku ya kwanza tu alinifuata mpaka chooni.

Mama alikubali abaki kwa sababu fisi walikuwa wanatumalizia kuku, lakini alitoa sharti. Majirani zetu walikuwa Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Yakimgusa mtu, hana budi kuosha mahali hapo mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. "Siku mbwa huyu akimlamba jirani," Mama aliniambia, "siku hiyo ndiyo mwisho wake hapa."

Jirani wetu wa karibu alikuwa Ayeeyo, yaani bibi kwa Kisomali, na hilo ndilo jina pekee nililomjua nalo. Ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe wake akahamia mjini na mbuzi wachache, na kati ya boma lake na nyumba yetu palikuwa na ua wa miiba tu. Alipenda kunifundisha Kisomali akiwa upande wake, nami upande wangu. Nikilitamka neno sawasawa alisema, "Maashallah, hooyo," neno la mama ambalo kwao huitiwa hata mtoto, akanipa kipande cha nyirinyiri juu ya miiba. Nikikosea hakunigombeza kamwe. Aligeuka akawatazama mbuzi wake kana kwamba hajasikia kitu, mpaka nirudie. Kwa mtindo huo, baada ya miezi mitatu nilijua Kisomali kingi kuliko Mama aliyeshinda na wanafunzi Wasomali kila siku. Mama alisema hajui kama mtoto wake anafundishwa au ananenepeshwa.

Mimi nikaona kwamba kama njia hiyo imenifaa mimi, itamfaa na Bosco. Nikawa nakula nusu ya kila kipande na nusu naficha mfukoni, na gauni zangu zote zikawa na doa la samli ambalo Mama hakulielewa. Bosco alijifunza kuketi. Kisha akajifunza kutoa mguu kama anayetoa mkono. Akipatia, nilimwambia, "Vizuri, Bosco, vizuri sana," nikampa nyama. Akikosea, niligeuka nikawatazama kuku. Sikumpiga hata mara moja. Mpaka hapo hadithi yangu ni nzuri, na naweza kumsimulia mtu yeyote.

Sasa kulikuwa na Kendi, binti wa mwalimu mkuu, mwenye miaka kumi na miwili na viatu vya kufunga kamba. Kendi hakuwahi kuniona kama mtu. Lakini alikuja kumtazama Bosco akitoa mguu, na akiwa pale mwanafunzi mmoja akapita, Bosco akamlamba mkono. Yule mtoto alipiga yowe akakimbilia mfereji. Kendi alicheka hadi akashika ukuta. Sijui kama mnakumbuka raha ya kumchekesha mtu mkubwa kuliko ninyi. Nilimpa Bosco kipande kikubwa nilichokuwa nacho, na kuanzia siku hiyo tukawa na mchezo. Wiki mbili baadaye ilitosha niseme, "Salimia," naye alikimbia akamlamba mkono yeyote aliyekuwa mbele yake, kisha akanirudia akitikisa mkia achukue zawadi. Tulifanya hivyo Mama akiwa darasani. Watoto wa madrasa wakaanza kupita njia ya mbali. Nilijua ni vibaya. Nasema hivyo wazi kwa sababu watu huwa wepesi kumsamehe mtoto wakidhani hakujua.

Kisha mashine ya kisima ikaharibika, na kiangazi kilikuwa kikali. Lori la maji lilikuja mara moja kwa wiki, na kila nyumba ilipanga mitungi yake mstarini. Sisi tulikuwa na tangi dogo la shule. Ayeeyo alikuwa na mtungi mmoja wa plastiki wa lita ishirini, na alioga, akapika, akanywesha mbuzi na kutawadha kwa huo huo.

Alasiri moja nilikuwa uani na Kendi. Ayeeyo alikuwa ametoka kutawadha, na mikono yake bado iling'aa kwa maji. Alikuja uani kwake akiwa na kibakuli cha nyirinyiri, akaniita. Kendi akaninong'oneza nimwambie Bosco amsalimie. Nilimshika Bosco shingoni. Kendi akasema basi yeye anarudi kwao, hapa pameshamchosha. Ayeeyo alikuwa ameshanyoosha mkono juu ya miiba, anatabasamu, anasubiri nipokee.

Nikasema, "Bosco, salimia."

Bosco aliruka akamlamba kiganja mpaka kwenye kifundo, kisha akatia mdomo ndani ya kibakuli kilichokuwa mkono wake wa pili. Kendi akaangua kicheko. Bosco akageuka akaniangalia, ulimi nje, akingoja sifa zake.

Ayeeyo hakupiga kelele. Aliurudisha mkono wake taratibu, akauweka mbali na nguo, akaenda akachutama kando ya mtungi, uliokuwa umebaki na maji kidogo. Alichota udongo akausugua mkono, akamimina maji. Akamimina tena. Alihesabu kwa sauti ndogo, kow, laba, saddex, nami nilielewa kila namba kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha. Alipofika ya saba, aliuinua mtungi kwa kidole kimoja. Mbuzi wake walikuja wakalamba tope.

Mama alifika wakati huo, Kendi akiwa ameshayeyuka. Aliona mkono uliolowa, kibakuli, na mbwa. Akaniuliza nani amemtuma huyu mbwa. Nilijua kabisa kwamba nikisema ni mimi, fimbo itakuwa yangu na Bosco huenda akabaki. Nikasema hakuna aliyemtuma, ni mjinga tu. Na ili niaminike niliokota fimbo nikampiga.

Pigo la kwanza, Bosco aliketi. Pigo la pili, akanipa mguu. Niliupiga mguu ule, akanipa wa pili. Alikuwa anapitia yote niliyomfunza, moja baada ya jingine, akitafuta ninataka lipi.

"Usibige," Ayeeyo alisema kutoka ng'ambo ya miiba, kwa Kiswahili chake kisicho na p. "Yeye anafanya ile amefunzwa." Alimtazama Mama alipokuwa akisema, hakunitazama mimi. Kisha akakisukuma kile kibakuli chini ya ua kwa kijiti. "Hii sasa ni yake."

Kesho yake Mama alimwomba dereva wa lori la mbuzi amchukue Bosco mpaka Isiolo. Bosco alikataa kupanda. Walimvuta kwa kamba akajilaza chini, wakamtisha akaingia uvunguni mwa lori. Mwishowe wakaniita mimi. Nilisimama juu, katikati ya mbuzi, na kipande cha nyirinyiri mkononi, nikasema, "Vizuri, Bosco, vizuri sana." Akatoka uvunguni akichechemea mguu niliompiga, akapanda. Nikashuka, wakafunga.

Ayeeyo hakubadilika. Niliyebadilika ni mimi. Akiniita uani nilisema nina kazi ya shule, na mwaka uliofuata tukahamishwa.

Baada ya lile kopo la ofisini sikulala vizuri, kwa hiyo nilitafuta, kupitia shule ya Modogashe, namba ya mjukuu wake, ambaye siku hizi ameajiriwa Garissa na anaishi naye. Akampa Ayeeyo simu. Sauti ilikuwa imezeeka lakini ilikuwa ile ile. Nilikiri yote kwa mkupuo mmoja, kwamba ni mimi niliyemtuma mbwa, kwamba nilidanganya, kwamba nilimmalizia maji.

"Hooyo, mimi nilijua siku ile ile," alisema. "Nilikusikia na masikio yangu. Mimi nilinawa, ikaisha."

Nilishusha pumzi. Nilianza hata kulia kwa nafuu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua, "Na ile umbwa? Nani alimwambia bole?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo swali. Miaka yote hiyo nilimwonea aibu Ayeeyo, mtu aliyekuwa na maji yake na dini yake na akili ya kujua nani amemkosea. Bosco alikuwa na neno langu moja tu zuri, akaliamini hata baada ya fimbo, nami nikalitumia kumfukuza. Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna aliyemwambia.